Zabibu Zilizooshwa

Mkaguzi wa kutuingilia sisi bila kunuswa hajazaliwa. Mtu akishuka tu kwenye treni pale Pinhão, huku kwetu Ureno, viatu safi na begi jembamba, sisi wa Vale Serôdio tunajua kabla hajavuka daraja kama amekuja kunywa, kuoa au kutuumbua. Bibi yangu Zulmira ana miaka themanini na sita, jicho moja limeingia ukungu, na bado aliwahi kumtambua mkaguzi kwa jinsi alivyokataa glasi ya pili. Wengine bondeni wana divai nzuri. Sisi tuna pua.

Septemba ile pua zote za nyumba yetu zilimwelekea mtu mmoja, Mdenmaki aliyeitwa Henning. Alikuja peke yake, mrefu kama nguzo ya simu, akakodi chumba cha juu kwa siku nne na kulipa yuro arobaini na tano zaidi ili akanyage zabibu pamoja nasi. Hilo tu lingetosha kutushtua. Wageni huja wawili wawili, hupiga picha za mto, hununua chupa moja na kuondoka. Huyu alikuwa na daftari.

Na mwaka ule tulikuwa na sababu ya kuogopa daftari. Kila msimu ofisi ya divai humpa mkulima karatasi ya kumwambia ni mapipa mangapi ya divai tamu anaruhusiwa kutengeneza kwa zabibu za shamba lake, shamba lililo ndani ya mpaka wa bonde. Karatasi ya baba yangu, Adérito Seixas, ilisema mapipa sita. Jua la Agosti lilisema manne. Matuta ya juu yalikaangwa hadi zabibu zikawa kama mavi ya mbuzi. Pipa la divai tamu hulipa karibu mara tatu ya divai ya mezani, na Baba alishamwambia Mama jikoni, akidhani nimelala: yasipotimia sita, anarudi Luxembourg kupiga magoti na kutandika vigae. Ana miaka hamsini na minane. Magoti yenyewe aliyaacha hukohuko.

Mapipa mawili yaliyopungua yangetoka kwa Mjomba Hermínio, kaka yake Mama, anayelima uwanda wa juu, nje ya mpaka. Ni kosa. Ukikamatwa, karatasi inachukuliwa misimu mitatu.

Hayo yote nayajua kwa sababu katika nyumba ile hakuna ukuta unaonyamaza, na kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Kiingereza cha sekondari nilikipata mimi peke yangu. Kwa hiyo kila neno lililotoka kwa mgeni kwenda kwa Baba, au kwa Baba kwenda kwa mgeni, lilipita kwanza mdomoni mwangu, na mdomo wangu si barabara iliyonyooka.

Usiku wa kwanza mezani, Mama aliweka supu ya kabichi na kipande cha soseji. Henning alilishika bakuli kwa mikono miwili kama mtu wa kanisani.

"Mwulize anafanya kazi gani," Baba akasema, macho kwenye mkate.

Nikauliza. "Anasema alikuwa mhandisi wa madaraja. Amestaafu. Amekuja kuona kuta."

"Kuta zipi?"

"Za mawe. Za matuta ya shamba. Anasema zimejengwa bila saruji na hazianguki, anataka kujua kwa nini."

Bibi akacheka puani. "Mtu avuke nchi tano kuja kutazama ukuta? Kwao wanalala nje?"

"Mwulize," Baba akasema polepole, "nani anamlipa."

Nikamgeukia Henning nikamwambia kwa Kiingereza kizuri kabisa, "Baba anauliza kama supu imekukolea."

Akasema imekolea mno, hajawahi kunywa supu kama hii.

"Anasemaje?"

"Anasema halipwi na mtu."

"Mbona ametabasamu?"

"Ni Mdenmaki, Baba. Labda ndivyo wanavyokana."

Nilijiona hodari. Mkalimani mzuri ni mtu wa amani, nikajiambia. Lakini Baba alikata mkate wake vipande vidogo vidogo, kama wa kulisha kuku, na hakula hata kimoja.

*

Asubuhi mgeni alikuwa shambani kabla ya wavunaji. Baba alimwona kutoka dirishani: amechuchumaa kwenye tuta la tatu, ameokota udongo, anausugua kati ya vidole, anaunusa. Kisha akachomoa jiwe dogo ukutani, akaligeuza, akalirudisha palepale, akaandika.

"Anapima udongo," Baba akasema.

"Anacheza na mawe," Mama akasema. Mama anaitwa Olímpia, na katika nyumba ile ndiye pekee anayemwonea mtu huruma kabla ya kumshuku. "Mwache mzee wa watu."

"Olímpia, fikiri. Udongo wetu ni mweusi, wa vigae vya mwamba. Wa kaka yako ni mchanga mweupe. Zabibu za kaka yako zitakuja na vumbi lake. Huyu anajifunza rangi ya kwetu leo ili kesho aijue isiyo ya kwetu."

Bibi, aliyekuwa akimenya maharage, akatia lake. "Na jana nilimwongezea divai akaweka mkono juu ya glasi."

Basi, hukumu ikawa imetoka.

Mpango ukawa hivi: Mjomba Hermínio alete mzigo saa saba mchana, wavunaji wakiwa wamejilaza kivulini baada ya chakula, na mimi nimpeleke mgeni mbali. Nilimwambia Henning kwamba ukuta wa zamani kuliko zote bondeni uko kileleni, nyuma ya kanisa dogo la Mtakatifu wa mvua ya mawe. Hakuna ukuta kule. Kuna choo kibovu na mandhari. Akafurahi, akanishika mkono, akajaza maji chupa yake, akapanda katika joto la kukaanga yai.

Lori la Mjomba likaingia uani kwa kurudi nyuma. Kreti sabini na tano, zimefunikwa turubai la kubebea mbolea. Mjomba akashuka, akajifuta jasho, akamtazama Baba kwa furaha ya mtu aliyesubiri siku hii miaka mingi.

"Shemeji! Kwenye ubatizo wa mwanangu ulisema zabibu zangu ni za nguruwe. Nimekuletea za nguruwe."

"Shusha, Hermínio."

"Nashusha. Ila sema kwanza, ni nzuri?"

"Nimesema shusha."

"Dada, mwambie mumeo aseme ni nzuri, mgongo unaniuma."

Mama akamtazama Baba. Baba akatazama barabara. "Ni nzuri," akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

"Sijasikia vizuri, lakini yatosha," Mjomba akasema, akaanza kushusha.

Turubai lilipoondoka tukaona wote. Vumbi. Barabara ya uwandani ni mchanga mtupu, na kila kishada kilikuwa kimepakwa weupe kama andazi lililonyunyiziwa sukari. Ukiweka kishada hicho kando ya chetu, hata Bibi angetofautisha kwa lile jicho lenye ukungu.

"Osha," Baba akasema.

Mama hakuelewa. "Nioshe nini?"

"Zabibu. Leteni mpira wa maji."

Hapa lazima niseme kitu, maana asiye wa bondeni anaweza kuona ni jambo dogo. Nyanya huoshwa. Soksi huoshwa. Zabibu za divai hazioshwi. Babu yangu angekubali kukatwa mkono kuliko kutia maji kwenye kishada. Maji huipoza ladha, hufukuza ule unga wa ngozi unaoamsha uchachu, na kwanza ni aibu tu, kama kumvisha bwana harusi aproni ya jikoni. Mjomba mwenyewe, mtu wa nje, alivua kofia.

"Shemeji, huo ni wazimu."

"Yule Mrefu anatafuta vumbi jeupe. Hataliona."

Tukaosha. Kreti sabini na tano, mimi nikishika mpira, Mama akigeuza vishada kwa mikono, Baba akibeba kuzipanga ghalani. Maji meupe yakateremka uani hadi barabarani. Mama alikuwa analia, na alipoona nimeona akasema ni maji yamemrukia.

*

Lori la Mjomba lilipokwisha kuondoka, gari dogo la kijani likasimama getini, na mwanamke mnene wa makamo, kandambili miguuni, akashuka na kupiga hodi.

"Mwenye jamu ya tini yuko hapa? Nimeelekezwa na mwokaji."

Jina lake Ivone, wa kutoka Régua, mtu wetu kabisa, mwenye lafudhi yetu na jasho letu. Mama alipangusa mikono haraka akafurahi kupata mteja siku ya balaa. Akamkalisha ukumbini, akamletea chupa nne achague, na Bibi akammiminia divai. Akanywa. Bibi akammiminia tena. Akanywa.

"Huyu ni mtu," Bibi akaninong'oneza.

Bi Ivone akatazama uani. "Mnafua leo?"

"Tunaosha ua," Bibi akajibu. "Wageni siku hizi wanapiga picha hata matope."

"Ni kweli. Mwaka huu mavuno vipi?"

"Mungu ni mkubwa," Baba akasema kutoka mlango wa ghala, mikono ikichuruzika maji, kisha akaenda kuwaamsha wavunaji.

Alilipa chupa tatu za jamu bila kuomba kupunguziwa. Nikamsindikiza hadi kwenye gari nikimbebea mfuko. Ni mcheshi yule mama. Tulicheka kidogo njiani, basi. Henning alikuwa ameshateremka kutoka kanisani, amekaa kwenye ukuta mkabala na ghala, kiatu kimoja kimevuliwa, anatoa kijiwe. Alitupungia mkono. Hakuna aliyempungia.

*

Kukanyaga ni jioni, jua likiwa bado juu ya mlima wa ng'ambo. Hodhi letu la mawe linaingiza watu kumi na wawili. Huingia safu mbili, mikono mabegani, magoti juu, na kiongozi huita: kushoto, kulia, kushoto, kulia, saa mbili nzima, hakuna kucheka wala kuachana, kwa sababu zabibu hukandwa kwa uzito wa watu wanaokwenda kama mtu mmoja. Saa mbili zikiisha ndipo kodiani hupigwa na kila mtu hucheza apendavyo. Hilo ndilo Henning alilolipia yuro arobaini na tano. Alikuja amevaa kaptura, miguu yake myeupe imesuguliwa kwa sabuni hadi ikawa myekundu.

"Haingii," Baba akaniambia. "Zabibu zimelowa. Akiweka mguu atajua."

"Baba, amelipa."

"Mpe beseni."

Beseni lenyewe ni lile la buluu tunalotumia Januari kumnyonyoa nguruwe manyoya kwa maji ya moto. Baba akamwaga humo kreti mbili za zabibu zetu halisi, akaliweka uani, hatua kumi kutoka mlango wa hodhi. Henning akalitazama. Akanitazama.

"Wenzangu watakuja?" akauliza.

Nikamwambia ni heshima ya pekee, kwamba mgeni wa mara ya kwanza hukanyaga peke yake, desturi ya karne tatu. Akainamisha kichwa kama anayepokea nishani, akaingia.

Ndani ya hodhi kumi na wawili wakaita kushoto, kulia. Nje, ndani ya beseni la nguruwe, Mdenmaki wa miaka sitini na kitu akaweka mikono yake mirefu hewani, juu ya mabega ya watu wasiokuwepo, akanyanyua magoti kwa mwito wetu. Wavunaji wasiokuwa hodhini wakatoka kumtazama. Mmoja akasema, "Mwongezeeni maji ya moto, atanyonyoka vizuri." Kicheko kilienda hadi barabarani. Yeye akadhani wanamshangilia, akanyanyua magoti zaidi.

Saa mbili nzima. Hakupunguza hata dakika. Mama aliingia jikoni akafunga mlango.

*

Ijumaa asubuhi gari la kijani likarudi. Safari hii Bi Ivone alikuwa amevaa viatu, na shingoni kadi yenye picha yake. Alikuwa na mwenzake aliyebeba mkoba wa vipimo.

"Karibu, jamu imeisha mara hii?" Mama akasema, kisha akaiona kadi.

Bi Ivone hakuwa na kiburi, na hilo lilizidisha uchungu. Aliomba karatasi, akaisoma, akaenda kwenye hodhi, akachota, akapima, akahesabu kreti, akauliza za shamba gani, siku gani, lori la nani. Baba alijibu mawili ya kwanza. La tatu, akaanza kukausha mikono kwenye suruali.

"Adérito, mimi nimezaliwa humu bondeni," Bi Ivone akasema. "Miaka ishirini na mbili nafanya kazi hii. Nimeona watu wakificha zabibu kanisani. Sijawahi kuona mtu anaziosha."

"Vumbi, Bi Ivone. Vumbi tu."

"Jeupe?"

Baba akainua kichwa. "Nani amekuambia ni jeupe?"

Bi Ivone akafunga jalada. "Siku ile nilikuwa likizo. Nilikuja kununua jamu, Mungu shahidi. Sikuja kusikia kitu. Lakini nikishasikia siwezi kujifanya kiziwi."

Wakabandika utepe juu ya hodhi, kutoka ukingo hadi ukingo, kama wanavyofunga barabara iliyobomoka. Zabibu zetu zilikuwa humo pamoja na za Mjomba, zinachacha pamoja, hakuna wa kuzitenganisha. Misimu mitatu bila karatasi. Mama akamfuata Bi Ivone hadi getini.

"Ulikaa kwenye kiti changu. Ulikunywa glasi mbili."

"Nilikunywa," Bi Ivone akasema. "Na hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani."

Akaondoka. Baba alibaki amesimama kando ya hodhi, akisikiliza mapovu yakipasuka chini ya utepe. Kisha akasema, bila kugeuka, "Olímpia, lile sanduku langu kubwa liko wapi?"

"Chini ya kitanda cha mama yako."

"Lina gurudumu bovu."

"Najua."

Kwetu mtu akiuliza sanduku, hulia baadaye.

"Kuna mtu amesema," Bibi akasema ghafla kutoka kwenye kiti chake. "Yule mama amesikia, amesema mwenyewe. Kasikia kutoka kwa nani?"

Nikawa wa kwanza kujibu. Sijui kwa nini nilikuwa na haraka vile. "Nani mwingine, Bibi? Yule wa daftari. Siku ile alikuwa amekaa mkabala na ghala, anaona kila kitu. Alimpungia mkono yule mama, hamkumwona?"

Baba alipanda ngazi mbili mbili, yeye na magoti yake. Tukasikia droo, tukasikia zipu. Akateremka na begi la Henning, daftari limechomekwa ubavuni, akalitupa uani pale pale lilipokuwa beseni. Henning alikuwa anakunywa kahawa. Alisimama, kikombe mkononi.

"Mwambie aondoke. Mwambie ameniuzia nyumba. Mwambie nikirudi kwenye vigae, kila kigae nitakachogonga nitamtaja."

Nikamgeukia. Nikasema kwa Kiingereza kwamba pole, chumba kinahitajika, kuna msiba katika familia.

Henning akatazama begi lake, akamtazama Baba, ambaye alikuwa amekunja ngumi. Si mjinga yule. Uso wa mtu mwenye msiba na uso wa mtu anayekufukuza hazifanani katika lugha yoyote. Akaniuliza taratibu, "Anadhani mimi ndiye niliyemwambia yule mama wa jamu?"

"Anasemaje?" Baba akadai.

"Anasema samahani."

"Anakiri?"

"Anakiri."

Henning alisubiri aone neno langu limefanya nini usoni mwa Baba. Aliona. Akaweka kikombe juu ya ukuta, kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha jiwe mahali pake. Kisha, bila kunisemesha tena, akavuka ua hadi mlango wa ghala.

Akausukuma kwa nyonga, vile mtu anavyofanya mkono mmoja ukiwa umebeba mfuko wa jamu. Akageuka akamwita kwa vidole viwili mtu mfupi mnene asiyekuwepo: njoo, njoo uone. Akainama, akainua kreti ya hewa, akaonyesha vishada vinavyochuruzika. Akapuliza kiganja chake, puu, vumbi likaruka. Akanyoosha kidole juu, kule uwandani kwa Mjomba Hermínio. Kisha akaziba mdomo kwa kiganja, akatikisa mabega, akacheka ule mkoromo wa mbuzi mwenye mafua, unaojulikana shuleni, kanisani na katika mavuno yote kuanzia hapa hadi Pinhão kuwa ni wa mtu mmoja tu.

Alipomaliza alishusha mkono, akanitazama, wala hakuonekana kufurahi.

Bibi aliacha kumenya maharage. Mama alikuwa ameshaacha kumtazama mgeni, ananitazama mimi. Baba alikaa polepole juu ya begi la mgeni, akajishika goti.

"Haya, Nilde," akasema. "Na hilo nalo nitafsirie."